Maandalizi ya Kipimo cha Pumzi kwa Mgonjwa wa Pumu



Mama mmoja wa kigango cha mbali alipanda basi la usiku pamoja na binti yake wa miaka 12 kwenda hospitali ya rufaa. Mganga wa zahanati alikuwa amemwandikia barua kwamba binti akapimwe pumzi, kwa kuwa kwa miaka miwili alikuwa akikohoa usiku na kifua chake kikipiga miluzi kila yanapoingia majira ya baridi. Safari ilikuwa ndefu na vumbi lilikuwa jingi. Alfajiri, kabla ya kushuka, mama alimpa binti kidonge cha salbutamoli. Walipofika kwenye lango la hospitali akampulizia na pampu aliyoazima kwa jirani, ili mtoto asije akazidiwa mbele ya daktari. Saa tatu asubuhi binti alipuliza kwenye mashine, na karatasi ikaandikwa kwamba mapafu yake ni mazima. Wakarudi nyumbani kwa furaha.

Wiki tatu baadaye binti huyo alibebwa kwa baiskeli usiku wa manane hadi zahanatini, midomo imebadilika rangi, hawezi kutamka hata jina lake. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Tulipokaa na mama yake na kumwuliza habari tangu mwanzo, tuliona kwamba katika jambo hili hakuna aliyedanganya. Mashine ilisema kweli, kwa maana saa ile mapafu yalikuwa yamefunguliwa na dawa. Mama alitenda kama mzazi yeyote mwenye huruma angetenda. Ila hakuna aliyemwuliza alimpa nini mtoto asubuhi ile, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema.

Kwa sababu hiyo, somo letu la mwezi huu halihusu tiba ya pumu kwa jumla. Linahusu jambo dogo ambalo huharibu safari na fedha za watu wengi, yaani namna ya kujiandaa kabla ya kupimwa pumzi.

MASHINE INAPIMA NINI?

Mtu mwenye pumu ana njia za hewa zinazovimba ndani, zinazokaza misuli yake na kujaa ute kwa urahisi. Hewa huingia, lakini kutoka huwa kwa shida. Mfano wake ni mvukuto wa mhunzi ambao mdomo wake umezibwa nusu: hata ukiukandamiza kwa nguvu, upepo hutoka polepole. Kipimo kiitwacho spairometri hutazama jambo hilo hilo. Mgonjwa hujaza mapafu yake hadi pomoni, kisha hupuliza kwa nguvu zote ndani ya mrija hadi asibakize kitu. Mashine huandika namba mbili kubwa: hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na hewa yote iliyotoka hadi mwisho.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu mzima amepuliza jumla ya lita 3, lakini katika sekunde ya kwanza zimetoka lita 1.8 tu, yaani asilimia 60. Kwa mtu mzima mwenye njia zilizo wazi tungetazamia zaidi ya asilimia 70, na kwa mtoto zaidi ya hapo. Basi mpimaji humpa dawa ya kufungua njia, kwa kawaida mipulizo 4 ya salbutamoli, na kumngojesha kama dakika 15. Akipuliza tena, sekunde ya kwanza inatoa lita 2.2. Ameongeza mililita 400, ambazo ni asilimia 22 ya alizotoa mwanzoni. Kwa mtu mzima, ongezeko la asilimia 12 au zaidi, ambalo pia linafika mililita 200, ni dalili nzito ya pumu. Kumbe kipimo chote kimesimama juu ya tofauti kati ya pumzi kabla ya dawa na pumzi baada ya dawa. Anayekuja akiwa tayari ametumia dawa ameifuta tofauti hiyo nyumbani.

Kipimo hiki si kipya. Mwaka 1846 daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo chake cha kupimia hewa ya mapafu baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwamo mabaharia, polisi, askari, wachapaji na hata mabondia. Aliona kwamba hewa ya mapafu huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu. Ndiyo maana hadi leo, kabla ya kupuliza, utaambiwa uvue viatu upimwe urefu, na utaulizwa umri. Usitaje umri wa kukadiria ukidhani hauna maana, kwani namba zako zitalinganishwa na za mtu wa umri na urefu kama wako. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, au cheti chake cha ubatizo, chenye tarehe ya kuzaliwa.

DAWA ZIPI ZIACHWE, NA KWA MUDA GANI?

Hapa tunaomba msome taratibu, na ikiwezekana baba na mama wasome pamoja.

Swali la kwanza ni la kumwuliza daktari au mganga anayewaandikia barua: "Je, nije nikiwa nimetumia dawa, au nije bila dawa?" Msiogope kuuliza. Ikiwa anataka kujua kama ni pumu au siyo, kwa kawaida atataka mje bila dawa za kufungua njia. Ikiwa pumu imekwisha kujulikana, naye anataka kuona kama tiba inafanya kazi, huenda akataka mje mkiwa mmetumia dawa kama siku zote. Jibu lake liandikwe kwenye ile barua, lisiachwe kichwani mwa mtu.

Akisema mje bila dawa, pampu ya salbutamoli, ile ya buluu inayofungua kifua upesi, huachwa angalau saa 4 kabla ya kipimo; vituo vingine huomba saa 6. Pampu ya ipratropiamu huachwa saa 12. Zile zenye dawa ya kufungua kwa muda mrefu, kama salmeteroli na formoteroli zinazotumika asubuhi na jioni, huachwa saa 24, na zipo za mara moja kwa siku zinazohitaji hata zaidi ya hapo. Vidonge vya salbutamoli na vya aminofilini au theofilini hukaa mwilini kuliko pampu, hivyo mara nyingi huombwa viachwe tangu siku iliyotangulia. Mganga awape saa kamili.

Zipo dawa zisizoachwa. Pampu ya kuzuia uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi, haimharibii mtu kipimo hiki, kwa hiyo aendelee nayo. Ila kama pampu moja imechanganya dawa ya kuzuia na ya kufungua, aulize kwanza. Vidonge vya prednisoloni visikatizwe hata kidogo bila amri ya daktari. Mwili uliovizoea ukivikosa ghafla huweza kuanguka vibaya.

Na sasa jambo ambalo tungeomba lisomwe hata na wale wanaoruka kurasa za afya. Mgonjwa akibanwa na pumu njiani, au usiku wa kuamkia kipimo, apewe pampu yake mara moja. Asiachwe ateseke kwa ajili ya mashine. Andikeni saa aliyopulizia, na mkifika mwambieni mpimaji. Huenda akapima hivyo hivyo huku akiandika saa ya dawa, au akawapangia siku nyingine. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, midomo ikiwa ya kijivu au ya buluu, au mtoto akishindwa kunyonya, hapo hamwendi tena kwenye kipimo, mnakwenda kwenye matibabu ya dharura. Katika shambulio la namna hiyo pampu ya salbutamoli huweza kutolewa mipulizo 4 hadi 10, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, huku safari ya hospitali ikiendelea.

Pampu hufanya kazi vizuri zaidi ikipitia kwenye chombo chenye nafasi ya hewa, hasa kwa watoto. Kama hamna cha kununua, msikate tamaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa isivuje, iliwasaidia watoto walioshikwa na pumu sawasawa na chombo cha dukani. Mganga wa zahanati awaonyeshe namna ya kuitoboa na kuiziba.

Kusanyeni dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja mwende nazo, pamoja na mitishamba na ule unga wa kulamba ulionunuliwa mnadani. Tunasema hivi bila kumcheka mtu. Tumewahi kuona familia ikificha chupa ya dawa za kienyeji ndani ya kanga kwa kuogopa kukemewa, kumbe chupa hiyo ndiyo ingemsaidia daktari kuelewa. Taja pia dawa za shinikizo la damu na za macho. Propranololi, na matone ya timololi wanayopewa baadhi ya wazee wenye presha ya macho, huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu.

JE, NI LAZIMA KUFUNGA?

Watu wengi wakisikia neno "kipimo" hudhani ni lazima waamke bila kula. Kipimo cha pumzi hakitaki mfungo. Mtu aliyesafiri usiku kucha na njaa hapulizi vizuri. Ale chakula chepesi, kama uji au mkate, na anywe maji. Ila asishibe ugali na maharage katika saa 2 kabla ya kupimwa, kwa sababu tumbo lililojaa huzuia mapafu kushuka, na kupuliza kwa nguvu humletea kichefuchefu. Chai ya rangi na kahawa zina kiini kinachofungua njia za hewa kidogo kwa saa chache. Vituo vingi huomba mgonjwa aviache asubuhi hiyo, nasi tunaona ni busara kufuata.

Pombe isinywewe siku hiyo wala usiku wake. Sigara iachwe angalau saa 1 kabla. Ikiachwa kabisa tutafurahi zaidi, lakini hilo tulikwisha kulisema mara nyingi katika ukurasa huu. Msikimbie kupanda ngazi wala kutembea kwa haraka kutoka stendi, kwani mazoezi makali huwabana baadhi ya wenye pumu; fikeni mapema mpumzike. Mavazi yawe ya kupwaya: mkanda ulegezwe, na akina mama wasivae gauni la kubana kifuani wala kujifunga kanga kwa kukaza tumboni. Meno ya bandia yanayokaa imara yaachwe mdomoni, maana husaidia midomo kushika mrija, yanayocheza yatolewe. Nendeni msalani kwanza. Wamama waliozaa mara nyingi wanajua kwa nini tunasema hivi.

Moshi unastahili neno la pekee. Anayelala jikoni penye mafiga, au aliyeota moto wa kuni alfajiri ile, huweza kufika akiwa amekwisha kubanwa. Usiku huo alale chumba kisicho na moshi. Hata ubani wa kanisani huwabana baadhi ya wagonjwa. Mtumikiaji wa altare mwenye pumu asipewe chetezo Jumapili, mpeni kengele.

KUJIFUNZA KUPULIZA

Hiki ndicho kipimo ambacho mgonjwa hufanya nusu ya kazi. Damu ukichukuliwa unakaa tu. Hapa usipojitahidi mashine huandika uvivu wako kana kwamba ni ugonjwa. Kwa hiyo jifunzeni nyumbani, hasa watoto.

Wengi wetu tumezoea kupuliza moto wa jikoni, na mazoea hayo hupotosha, kwani moto hupulizwa kwa mashavu, fuu, fuu, kidogo kidogo. Mashine inataka pumzi moja ya kifuani. Wanakwaya watatuelewa upesi: ni ile pumzi ya kujaza kabla ya ubeti mrefu, ila hapa unaiachia yote kwa kishindo badala ya kuibana. Kaa wima, miguu chini. Vuta hewa hadi huwezi kuongeza. Funga midomo kuzunguka mrija pasibaki upenyo, ulimi usiuzibe. Lipua pumzi kwa nguvu zote pasipo kusita, kisha endelea kusukuma, sekunde 6 au zaidi kwa mtu mzima, hata utakapohisi hakuna kinachotoka. Mpimaji atakuwa anapiga kelele, "Endelea, endelea, endelea!" Hakugombezi; ndivyo kazi yake ilivyo. Atarudia angalau mara 3 hadi namba zifanane, na mara nyingi pua itabanwa na kibanio laini.

Mtoto aelezwe mambo haya siku moja kabla. Tumeona watoto wakilia kwa sababu ya kile kibanio tu, nao walikuwa wameambiwa na kaka zao kwamba wanakwenda kuchomwa sindano. Hakuna sindano. Ashike kipande cha karatasi ukutani kwa kidole, aondoe kidole huku akipuliza, aone ni muda gani karatasi inakaa bila kuanguka. Ni mchezo mzuri. Kwa kawaida watoto kuanzia miaka 5 au 6 huweza kupuliza vya kutosha. Wadogo zaidi, daktari hutegemea maelezo ya wazazi na kuwachunguza kifua.

Kizunguzungu kidogo au kukohoa baada ya kupuliza si jambo la kuogofya. Sema, upumzike. Kuhusu mrija, kila mgonjwa hupewa wake au hufungiwa kichujio kipya, na pumu yenyewe haiambukizi.

WANAOPASWA KUNGOJA

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, anayekonda, mwenye homa za jioni au anayetema damu, apimwe makohozi kwanza. Kifua kikuu bado kipo katika parokia zetu, na anayepuliza kwa nguvu namna ile akiwa nacho huwatawanyia wengine vijidudu. Hatusemi hivyo ili atengwe. Tunasema apate kipimo kinachomfaa kwa wakati wake.

Hali kadhalika, mpimaji aambiwe kama mtu amepasuliwa jicho, kifua, tumbo au ubongo katika wiki za karibuni, amepata shambulio la moyo, au mapafu yake yaliwahi kupasuka na kuvuja hewa. Mjamzito aseme. Mwenye mafua makali yaliyoshuka kifuani apige simu, aulize kama asubiri. Kwa kuwa kipimo hiki hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Bugando, KCMC au Muhimbili, ulizeni kabla ya kusafiri kama mashine inafanya kazi siku hiyo na gharama yake ni kiasi gani.

MAJIBU YAKIWA MAZURI

Pumu huja na kuondoka. Mtu huweza kupuliza vizuri Jumatatu na kubanwa Alhamisi. Kwa hiyo karatasi yenye namba nzuri, hata kama mgonjwa alijiandaa vyema, haifuti miluzi ya usiku. Mwambieni daktari: "Tunashukuru, lakini nyumbani hali ni hivi." Anaweza kurudia kipimo siku za dalili, au kumpima baada ya kukimbia.

Anaweza pia kumpa kifaa kidogo cha mkononi kinachopima kasi ya pumzi, ambacho waganga hukiita piki-flo. Hicho hakihitaji umeme na hata zahanati huweza kuwa nacho. Rudisha mshale kwenye sifuri, simama, jaza kifua, puliza kwa kishindo kifupi, mara 3, na kuandika namba iliyo kubwa kuliko zote. Hufanywa asubuhi na jioni kabla ya dawa, kwa wiki 2. Namba za mwenye pumu hupanda na kushuka, mara nyingi za asubuhi zikiwa chini. Baadaye, akishajua namba yake bora, ikishuka chini ya nusu yake hiyo ni hatari na inataka hospitali mara moja.

Mkipewa tiba, jueni kwamba tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwashauri watu wazima na vijana kutegemea pampu ya kufungua peke yake. Ahitajika pia ya kuzuia uvimbe. Aliyeandikiwa ya buluu tu aulize.

Yule binti alirudi hospitali baada ya miezi 2. Safari hii walilala kwa shangazi yake mjini, hakupewa kidonge tangu jana yake, na pampu ilikuwa tayari mkobani kwa mama. Sekunde ya kwanza ilikuwa chini. Baada ya mipulizo 4 na dakika 15 ikapanda sana. Sasa anatumia pampu ya kuzuia asubuhi na jioni, na amerudi kwenye kwaya ya watoto. Karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, mama ameziweka ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya ubatizo. Nyuma ya kila moja ameandika kwa kalamu tarehe, saa ya kipimo, na dawa ya mwisho ilitumika saa ngapi.